Paka Hashikilii Kitufe Sekunde Tano

Kuwait, Jumatatu, 15 Novemba

Kaka Rabih,

Majibu ya wanafunzi 118 yalipotea juzi Jumamosi, tarehe 13, saa kumi na moja na dakika 52 jioni, zikiwa zimebaki dakika nane mtihani wa majaribio uishe. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu utasoma salamu, utaikunja barua na kuitia mfukoni pamoja na misumari. Nakujua.

Sasa salamu. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Shule imeniongezea vipindi viwili, vimefika ishirini na sita kwa wiki, na sauti imeanza kukwaruza. Mwambie mama zaatari yake ya kupaka mkate imefika, na nusu yake wenzangu wa nyumba wameshaimaliza. Baba mbusu mkono kwa niaba yangu. Ijumaa mbili mfululizo nikipiga simu naambiwa yuko mkahawani anacheza tawla. Tangu lini? Si ndiye aliyeapa mbele yetu sote, siku kinyozi alipomfunga mara saba, kwamba hataigusa tawla tena?

Haya, turudi kwenye hasara. Ile seva yangu, kompyuta inayoendesha masomo yangu ya mtandaoni, sanduku jeusi tulilolibeba mimi na wewe mpaka kwenye ujia nje ya chumba cha baba, haikukatikiwa umeme. Ina betri yake ya akiba, na kila kinachoipata inakiandika. Imeandika hivi: kitufe cha kuwashia kimebonyezwa. Mguso mmoja wa kidole, nayo kwa adabu zake ikafunga kila kitu ikalala. Watoto 118 wa Al-Mina walikuwa wameshika kalamu na simu, wakabaki wanatazama kioo cheupe.

Kosa langu nalikiri: majibu yalikuwa yanahifadhiwa mtihani ukiisha tu. Nimerekebisha, sasa yanahifadhiwa kila sekunde thelathini. Na nimeiamuru seva kutoka huku isijali mguso. Kuanzia leo mtu akikigusa kile kitufe ni kama kagusa ukuta.

Rabih, nilianza na wanafunzi sita kwenye meza ya jikoni, mama akikunja majani ya zabibu upande wa pili. Hakuna aliyenishika mkono. Tarehe 22 Januari ni mtihani wa mwisho wa majaribio. Ukiharibika na huo, wazazi watawatoa watoto wao, na Al-Mina sitakuwa na kitu chochote chenye jina langu.

Nani alikibonyeza?

Hanadi

*

Al-Mina, Tripoli ya Lebanoni, Alhamisi, 2 Desemba

Dada yangu Hanadi, mwalimu wa dunia na vitongoji vyake,

Salamu nyingi kama ufuta kwenye mkate wa kaaki. Barua yako imechukua siku kumi na tatu, maana yule bibi uliyempa aniletee alipitia kwanza kwa dada yake mjini Saida, wakalia pamoja, wakala pamoja, ndipo akakumbuka kuna watu Al-Mina. Na usinipigie kiwandani. Randa ikipiga kelele sisikii hata mawazo yangu.

Sisi wazima. Zeituni zimekamuliwa, madumu manne, chungu kidogo mwaka huu lakini mafuta mazito. Nimepata kazi ya kabati la bibi harusi, milango sita, mama mkwe wake anabadili rangi kila Jumanne. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Baba anakusalimu sana. Amezeeka akawa mtoto, kila siku mkahawani.

Kuhusu sanduku lako: mhalifu amepatikana. Ni Mishmish, yule paka mwekundu wa Sitt Najah wa ghorofa ya juu. Baridi imeingia, na sanduku lako linatoa joto kama mkate. Anapanda, anazunguka mara mbili, anakaa. Kumbe anakalia kitufe! Nilimkuta mwenyewe. Nimemtimua kwa kandambili, nikamwambia, "Wewe umewafelisha watoto 118 wa watu." Hakujuta.

Kesi imefungwa, mwalimu. Pumzika.

Kaka yako,
Rabih

*

Kuwait, Jumapili, 12 Desemba

Kaka Rabih,

Natumaini milango sita imeshapata rangi moja. Huku mvua imenyesha saa mbili tu na mji mzima umesimama. Nimekula, mwambie mama, kabla hajauliza.

Kesi haijafungwa. Tangu niiamuru seva isijali mguso, imezimika mara tatu: tarehe 30 Novemba, tarehe 4 na tarehe 9 Desemba. Safari hii haikuandika kwaheri. Imekatika katikati ya neno, na betri ya akiba imejaa. Mashine ya namna hii hukatika hivyo kwa njia moja tu: mtu anabonyeza kitufe, anakishikilia, anahesabu, na hakiachii mpaka taa izime. Kisha baada ya saa mbili tatu mtu huyo huyo anaiwasha tena, polepole, kama mwizi anayerudisha sufuria.

Paka hashikilii kitufe sekunde tano, Rabih.

Nilimpigia mama Ijumaa. Nakuandikia tulivyosema, bila kuongeza.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Amelala, mwanangu."

"Saa tano asubuhi?"

"Jana alichelewa. Umekula?"

"Mama, nani anazima sanduku langu?"

"Sanduku gani?"

"Lile jeusi, lenye taa ya kijani."

"Ah, hilo mimi nalipangusa vumbi tu. Umekula nini lakini?"

Wiki ya sita sasa sijasikia sauti ya baba. Kama amenikasirikia kwa kuondoka, aseme. Mimi si mtoto.

Sasa sikiliza kazi. Wewe ni seremala, nataka kifuniko. Kitufe kiko mbele, sentimita nne kutoka ukingo wa juu, upana wake sentimita moja na nusu. Tengeneza kibanda cha mbao chenye mlango wa bawaba, kiwe kigumu kufungua. Atakayekifungua hapo hatakuwa amejikwaa. Atakuwa ameamua.

Hanadi

*

Al-Mina, Jumatatu, 3 Januari

Hanadi,

Heri ya mwaka mpya, uwe mwema kwako kuliko huu uliopita. Barua hii anaileta Ustadhi Fawzi, mwalimu mwenzako wa huko, amekuja likizo kwa mkewe. Mama amempa na kishke ya supu kilo moja, usiwape wezi wa chumbani kwako.

Kifuniko nimetengeneza. Mbao ya mti wa jozi, bawaba ya shaba, nimekipiga msasa mpaka kinateleza. Kizuri kuliko sanduku lenyewe. Baba amekisifu. Amesema, "Hanadi anajengewa nyumba, mimi sijajengewa hata kibao cha kukalia." Basi unaona, sauti yake ndiyo hiyo, anatania kama kawaida. Ana mafua kidogo tu, hewa ya baridi inamsumbua kifuani. Ndiyo maana hakai kwenye simu.

Na sasa nikwambie ukweli ulale usingizi. Anayezima ni mama. Umeishi huko miezi kumi na minne umesahau tunavyoishi? Umeme wa serikali ukiondoka, jenereta ya Abu Shawki ikiingia, kila nyumba ya mtaa huu mtu mmoja anazunguka akizima kila chenye kitaa, breka, ile swichi ya kinga, isije ikaanguka. Mama anapiga pasi, anaona taa yako ya kijani inamtazama, anaizima. Hakuna fitina. Ni ampea tano tunazouziwa, dada yangu, si Kuwait.

Wewe unakaa huko na kiyoyozi, unahesabu sekunde zetu. Kuna vitu katika nyumba hii vina haki ya umeme kuliko mitihani.

Rabih

*

Kuwait, Ijumaa, 14 Januari

Rabih,

Salamu kwa wote. Kishke imefika. Baba apone haraka. Ijumaa ya leo pia alikuwa amelala.

Pasi ya mama niliinunua mimi. Ni ya wati 2,000, sawa na ampea tisa. Breka ya Abu Shawki ni ya ampea tano. Mama hajapiga pasi kwa jenereta hata siku moja tangu jenereta ije mtaani, na wewe unajua, na unajua kwamba najua. Hebu tuhesabu: friji ampea moja. Taa, televisheni na intaneti, 0.9. Seva yangu, 0.8. Jumla 2.7. Katika tano zinabaki 2.3 zimekaa bure. Kwa hiyo hakuna mtu katika nyumba ile anayehitaji kuzima seva yangu. Hakuna. Ila anataka.

Na hicho kifuniko chako cha jozi kimefunguliwa mara nne ndani ya siku kumi na moja. Mtu alifungua mlango wa bawaba ya shaba, akatia kidole, akahesabu mpaka tano.

Nitasema nililolimeza miaka mingi. Siku niliyoanza kufundisha ulisema, "Nani atamwachia msichana wa mtaa huu afundishe hesabu za mtihani wa serikali?" Leo watu wanauliza nyumba ya mwalimu Hanadi, hawaulizi karakana ya Rabih. Kama hilo linakuwasha, jikune mahali pengine. Usijikune kwenye kitufe changu.

Nimeshafanya ninachoweza. Nimempigia Abu Hadi, yule wa nyaya za intaneti. Keshokutwa Jumapili atakuja, atafungua sanduku na kuuchomoa waya wa kitufe. Kitufe kitabaki pambo. Plagi niliifungia nyuma ya kabati la nguo la baba kabla sijaondoka, na lile kabati linahitaji wanaume watatu, kwa hiyo usijisumbue nayo.

Tarehe 22 watoto 126 watakaa kwenye mtihani. Hautazimika.

Hanadi

*

Al-Mina, Jumanne, 25 Januari

Dada yangu,

Mtihani ulikwenda vizuri, nimesikia. Watoto walikuwa wanapiga vigelegele kwenye ngazi. Hongera, unastahili.

Jana na leo nimekupigia mara tano umenikatia. Haki yako.

Nakuomba kitu kimoja. Najua unaweza kulizima sanduku kutoka huko kwa amri moja. Lizime, Hanadi. Si kwa siku zote, kwa muda tu. Kama ni mimi niliyekukosea, nimekukosea, weka juu yangu yote, lile neno la msichana wa mtaa pia. Lizime tu.

Usiniulize kwa nini. Nimeapishwa. Aliyeniapisha ndiye pekee nisiyeweza kumvunjia kiapo.

Mama anauliza kama umekula.

Rabih

*

Kuwait, Jumapili, 6 Februari

Kaka yangu Rabih,

Barua yako ya tarehe 25 nimeipata Alhamisi, tarehe 3. Ilikaa siku tisa kwenye sanduku la mtu aliyeahirisha safari. Dakika kumi baada ya kuisoma nimeizima seva kwa mkono wangu. Nimewaandikia wanafunzi 126 kwamba masomo yamesimama na sijui mpaka lini. Saba wameshaondoka. Waende.

Salamu sikuleti leo. Nakuletea hesabu. Ni zote nilizofanya tangu Alhamisi, na nataka uzisome mpaka mwisho.

Kwanza nilimpigia Abu Shawki, nikamwomba anisomee mita ya nyumba yetu.

"Oktoba?"

"Uniti 110, mwalimu."

"Desemba?"

"Mia mbili hamsini na tisa."

Tofauti ni 149. Gawa kwa siku 31, ni 4.8 kwa siku. Jenereta yake huwaka saa kumi na nne. Gawa tena. Ni wati 343, kitu kimoja kinachokula kiasi kile kile, hakipumziki tangu jenereta inapowashwa mpaka inapozimwa. Hiyo ni ampea 1.6. Nikaenda kwa muuguzi wa shule yetu, nikamuuliza: ni mashine gani ya nyumbani inakula wati mia tatu na hamsini mfululizo na watu hawaizimi? Hakufikiri hata kidogo. "Mashine ya oksijeni," akasema, "ile ya wagonjwa wa mapafu. Kwenu kuna mgonjwa?"

Nikamwambia hapana, kwetu kuna mzee anayecheza tawla.

Pili nilirudi kwenye jumla yangu. Zile 2.7 nilizokuringia, ongeza 1.6, ni 4.3. Friji ikianza kuzunguka inaruka ampea moja nzima. Ni 5.3, na breka ni ya tano. Kumbe friji ilikuwa na chakula chenu, taa mlizihitaji, na oksijeni ilikuwa ya baba. Kimoja tu ndicho kingeweza kuzimwa. Mlikuwa mnazima changu sekunde tano, mnapata hewa saa mbili, mnakiwasha tena nisijue. Mimi nikaiamuru mashine isisikie kidole. Mkashikilia kwa nguvu. Nikakuagiza kifuniko, nawe, Rabih, ukakipiga msasa, ukakifunga, ukakifungua. Nikamleta Abu Hadi.

Nimezungumza na Abu Hadi. "Nilisimama kwenye ujia," akasema, "mlango wa chumba cha baba yako umefungwa, ndani kitu kinanguruma. Mama yako hakunikaribisha kahawa."

"Hakukukaribisha kahawa, Abu Hadi, na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwalimu? Uliniuliza waya. Nikakwambia waya umetoka, sasa hata Iblisi hawezi kulizima."

Tatu. Betri yangu ya akiba huandika kila umeme wa nyumba unapokatika. Tangu waya uchomolewe, umekatika mara tatu saa za jenereta, na duka la Abu Hadi, lililo chini yetu kwenye jenereta hiyo hiyo, taa zake hazikutikisika. Kwa hiyo ilikuwa breka yetu wenyewe. Tarehe 18 Januari, dakika tisa. Tarehe 21, dakika kumi na nne. Tarehe 27, dakika ishirini na mbili. Plagi iko nyuma ya kabati la wanaume watatu, na wewe ulikuwa kiwandani, na mama ana magoti yale ya kushuka ngazi mpaka kwenye breka. Dakika arobaini na tano, Rabih. Seva yangu katika dakika zote hizo iliendelea kuwaka kwa betri yake, haikupoteza hata jibu moja la mtoto. Baba alikuwa anapumua nini?

Hapa ningeweza kusimama nilie, na nimelia, lakini kuna hesabu ya nne, na ndiyo sababu ya barua hii.

Tangu tarehe 27 Januari breka haijaanguka. Siku saba nzima mpaka nilipoizima seva, kitufe hakina waya, seva inakula 0.8 kama kawaida, friji inazunguka, na hakuna kilichoanguka. Nilimuuliza Abu Shawki kama amewaongezea ampea. "Sina hata moja ya kumpa mtu," akasema, "jenereta yenyewe inakohoa." Nikamwomba anisomee na mita ya Januari.

"Januari muulize kaka yako, mwalimu."

Kwa hiyo ampea 1.6 zimeondoka nyumbani kwetu tarehe 27 au 28. Mashine haikuharibika, maana ingeharibika mngetafuta nyingine siku hiyo hiyo. Imezimwa, au imehamishwa. Anayeihitaji ama yuko hospitali, ama haihitaji tena.

Najua mila zetu. Aliye ugenini hasumbuliwi. Shangazi Wadad aliambiwa habari za kifo cha mumewe miezi mitatu baadaye, akiwa ameshamnunulia koti. Wote mliona ni huruma. Sitt Najah nimempigia, akanijibu, "Baba yako amelala, usimsumbue," neno kwa neno kama mama, mpaka pumzi aliivuta mahali pale pale. Mmefundishana. Jumbe zangu nne kwenye simu umezisoma, alama naziona, hujajibu. Na mama nilipompigia jana hakuuliza kama nimekula. Miaka thelathini na moja mama hajawahi kukosa kuuliza.

Sikuulizi nani alibonyeza. Waliobonyeza walikuwa sahihi, na Mungu awalipe kwa kila sekunde tano. Kiapo chako umekishika vya kutosha. Kama ni baba aliyekuapisha, mimi pia ni mwanawe, nakufungua.

Ustadhi Fawzi anaruka leo alasiri, na ameniapia kwamba barua hii itakuwa mkononi mwako kabla ya kesho jioni. Mimi nina tiketi ya Alhamisi, tarehe 10, saa kumi alasiri. Ninakuja kwa vyovyote, hilo si la kujadili. Begi liko wazi kitandani na sijui nitie nguo za rangi gani.

Usiniandikie hajambo. Usiniandikie amelala, wala Mungu ni mkubwa. Nataka neno moja kwenye simu, ndiyo au hapana, kabla ya Alhamisi saa sita mchana:

Baba yuko hai?

Hanadi